Mkutano ukiwa jirani

Kwa kijana wa Mkomani, Lamu, anayesomea uzamili wa sayansi ya kompyuta, swali la kwanza kuhusu mkutano wa watafiti ni unafanyika wapi. Mwaka 2018 na 2019, mkutano wa akili bandia wa NeurIPS ulipokuwa Kanada, watafiti wengi wa Afrika walinyimwa viza, wengine kazi zao zimeshakubaliwa. Inauma. Mei 2023 mkutano mwingine wa aina hiyo, ICLR, ukafanyika Kigali, na Mkenya huingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa: boti hadi Mokowe, kisha basi.

Nalishikilia jambo hili la mikutano kuwa karibu kwa sababu kazi yenyewe ya kuifundisha kompyuta Kiswahili iko hapa kwetu. Lamu ina miswada ya tenzi kwa herufi za Kiarabu, wino umefifia, pembe za karatasi zimeliwa na wadudu. Kompyuta iliyozoea Kiswahili cha herufi za Kilatini hukwama papo hapo, maana waandishi wa zamani mara nyingi hawakutenganisha p na b, wala e na i. Atakayeifundisha kusoma ni lazima awe na sikio la Kiamu, lahaja ya Lamu. Vyuo vyetu viwatengee wanafunzi hawa nauli mapema, kabla milango ya kupokea makala haijafungwa.