Meza Arobaini, Seva Tatu

Fungueni madaftari yenu na shikeni kalamu, maana leo kuna hesabu.

Siku hizi katika ofisi na vyuo vingi utamwona mtu ameketi mbele ya kioo na kibao cha herufi, lakini mezani kwake hakuna kompyuta. Nyuma ya kioo kuna kijisanduku tu, ukubwa wa kitabu. Kazi yenyewe inafanyika chumba kingine, ndani ya mashine kubwa iitwayo seva. Kijisanduku hupeleka kule herufi unazobonyeza, kisha huleta picha ya kuonyesha juu ya kioo. Kompyuta unayoitumia ina programu zake na barua zako, ila haina mwili wake yenyewe. Mafundi huiita kompyuta pepe, na seva moja yaweza kubeba nyingi.

Jambo hili si geni kama watu wadhanivyo. Mwezi wa Novemba 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mashine moja ikiwahudumia watu kadhaa kwa zamu za haraka, hata kila mmoja akajiona yuko peke yake. Mwaka 1972 kampuni ya IBM ilitoa programu ya VM/370, ambayo ilimpa kila mtu kompyuta pepe nzima ndani ya mashine moja.

Labda mnauliza, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu huenda kesho ukawa katika kamati ya kituo chako, ukaletewa karatasi ya bei na kuambiwa utie sahihi. Kompyuta ya kawaida ikifa, meza moja inalala. Seva ikifa, darasa zima linalala. Basi tujifunze kuisoma karatasi hiyo.

Tuchukue kituo chenye meza 40. Tuanze na kumbukumbu, yaani nafasi ambamo mashine hutandaza kazi yake inapokuwa ikifanya. Kompyuta pepe moja ya kuandika barua na kuweka hesabu tuipe gigabaiti 4. Mara 40, tunapata 160. Kadhalika katika kila seva kuna programu msimamizi, iitwayo haipavaiza, ambayo kazi yake ni kuigawa seva na kuzuia mmoja asile fungu la mwenziwe. Nayo tuiwekee 16. Jumla ni 176.

Muuzaji atasema: nunueni seva moja yenye gigabaiti 192, itawatosha na kubaki. Kwa hesabu hakukosea. Lakini siku chombo kimoja ndani yake kitakapoungua saa 3 asubuhi, watu 40 watarudi nyumbani. Mimi karatasi hiyo singeitia sahihi.

Afadhali seva tatu zilizo ndogo kidogo, na sharti liwe hili: zozote mbili ziweze kubeba watu wote. Ikifa moja, kila iliyobaki ina watu 20. Ishirini mara 4 ni 80, ongeza 16, ni 96. Tukinunua kila seva na gigabaiti 128, tumebakiwa na nafasi ya kupumua. Lakini angalieni: seva ya tatu haifai kitu kama mafaili ya watu yamefungiwa ndani ya diski za ile iliyokufa. Lazima yawe katika hazina ambayo seva zote tatu huifikia, au yawe yananakiliwa kutoka seva moja hadi nyingine muda wote.

Kwa upande wa viini, yaani sehemu za mashine zinazofanya hesabu, hakuna shida kubwa, kwa kuwa si rahisi watu wote wafanye kazi nzito kwa dakika moja. Viini 16 kwa seva vitawatosha watu 20 wa kazi za ofisini.

Panapowaangusha watu wengi ni diski. Mpishi wa harusi huwapakulia wageni 40 bila taabu wakija mmoja mmoja. Wakiingia wote kwa pamoja na sahani mkononi, jiko linazidiwa. Ndivyo ilivyo saa 2 asubuhi, kila mtu anapofungua kompyuta yake. Diski ya kuzunguka huweza kusoma au kuandika kama mara 100 hivi kwa sekunde, na kompyuta pepe moja inayoamka yaweza kutaka mamia. Zidisheni kwa 40, mtaona kwa nini watu hungoja nusu saa. Kwa hiyo ulizeni kama diski ni za SSD, zisizozunguka, ambazo hufanya makumi ya maelfu kwa sekunde. Pia fundi aziamuru seva ziamshe kompyuta tano tano kabla watu hawajafika. Hilo halina gharama.

Mengine nayataja kwa ufupi. Betri ya akiba iendeshe seva pamoja na vyombo vya mtandao, kwa maana seva iliyo hai bila mtandao hakuna aionaye. Tena, leseni ya Windows inayokuja na kompyuta ya dukani haitoshi kwa mpango huu. Muuzaji aeleze kwa maandishi ni leseni gani anayoileta na yalipwa kila baada ya muda gani.

Siku ya kukabidhiwa, kabla ya kulipa fedha za mwisho, mwambieni fundi azime seva moja watu wakiwa kazini. Waliokuwa juu yake watakatika, hilo ni la kawaida. Baada ya dakika chache wawe wameingia tena na kuyakuta mafaili yao. Akikataa kuizima, msilipe.

Kazi ya nyumbani: kituo kina meza 60, seva tatu, na kila seva ina gigabaiti 128. Kila kompyuta pepe yahitaji 4, msimamizi 16. Seva moja ikifa, je, mbili zitawabeba watu wote? Andikeni hesabu yote, si jibu peke yake. Tutaisahihisha katika somo lijalo.