Si Kila Joto ni Malaria, Wala Kila Damu Si Umri

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii kutoka Ndabibi, hapa Naivasha, Kaunti ya Nakuru.

Mara nyingi tunazungumza juu ya chanjo na chakula cha mtoto, tukamsahau yule anayemtunza mtoto. Leo ni zamu ya mama mwenyewe, hasa aliyefikisha miaka arobaini na kuendelea. Mada yetu ni kukoma kwa hedhi. Ninajua wengi wenu ni mama zangu, na si desturi mtoto kumweleza mama habari za siku zake za mwezi. Niwieni radhi. Ninasema kwa sababu kunyamaza kumetugharimu sana.

Mnaijua baridi ya Ndabibi mwezi wa Julai. Mtu hulala na blanketi mbili na soksi miguuni. Basi Julai moja alikuja zahanati mama mmoja wa miaka 48, anayefanya kazi katika shamba la maua. Akaniambia, "Sista, hii malaria yangu imekataa kuisha." Tangu Pasaka alikuwa amenunua dawa za malaria dukani mara tatu. Kila usiku, kama saa nane hivi, joto lilimpanda kutoka kifuani hadi shingoni na usoni. Moyo ulimwenda mbio. Alitupa blanketi, jasho likamtoka hadi nguo ikalowa, na baada ya dakika chache akaanza kutetemeka kwa baridi. Mumewe alikuwa ameanza kumwuliza ni ugonjwa gani anaouficha.

Nilimwekea kipimajoto: 36.6, hana homa. Nikampima malaria: hakuna. Alikubali kupimwa virusi vya ukimwi: hana. Kikohozi hana, na uzito wake haujapungua. Ndipo nikamwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Mama, siku zako zikoje?" Akacheka. "Hizo? Zinakuja zikitaka. Mwezi mmoja mara mbili, kisha miezi mitatu kimya."

Jibu lilikuwa hapo.

Msikilizaji mpendwa, tuelewane kwanza ni kitu gani kinachotokea mwilini. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote katika ovari. Kadiri miaka inavyokwenda mayai hayo hupungua, na ovari hupunguza kutengeneza homoni inayoitwa estrojeni. Haipungui sawasawa. Leo iko juu, kesho iko chini. Ndiyo maana hedhi inachanganyikiwa, na mwili nao unachanganyikiwa. Kipindi hiki cha kuelekea kukoma kwa hedhi kinaweza kuchukua miaka kadhaa. Tunasema hedhi imekoma wakati mwanamke amekaa miezi 12 mfululizo bila kuiona, na hana mimba, wala hanyonyeshi, wala hatumii dawa inayoizuia. Wanawake wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Ikikoma kabla ya miaka 40, hiyo ni mapema mno. Usikae nyumbani, njoo upimwe.

Dalili ni hizi. Hedhi kubadilika. Joto la ghafla, mchana au usiku, na jasho. Kukosa usingizi. Hasira za haraka, huzuni, na kusahau sahau: umeingia jikoni na hukumbuki ulifuata nini. Viungo kuuma. Ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Kwenda haja ndogo mara kwa mara, au mkojo kuponyoka ukicheka au ukiinua mtungi. Si kila mwanamke hupata zote. Wengine huvuka bila shida, na wengine hupata joto hilo kwa miaka saba au zaidi. Hakuna aliyerogwa, na hakuna anayejifanya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pesa na afya zinapotea. Joto hili hupanda na kushuka kwa dakika chache, na ukipimwa huna homa. Malaria huja na homa ya kweli, kichwa kuuma na mwili kuchoka, na hujulikana kwa kupima damu. Huku kwetu kwenye miinuko malaria si nyingi. Kwa hiyo usimeze dawa ya malaria kabla ya kupimwa, hasa kama hujasafiri kwenda kanda ya Ziwa Victoria au pwani.

Lakini pia usiseme "ni umri" ukalala. Jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili, au kupungua uzito, linaweza kuwa kifua kikuu. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda huku unakula vizuri inaweza kuwa tezi la shingo. Kiu nyingi na mkojo mwingi inaweza kuwa kisukari. Na hedhi kukosekana ukiwa na miaka 46 inaweza kuwa mimba. Naam, mimba. Kama hutaki mtoto mwingine, endelea na uzazi wa mpango mpaka upite mwaka mmoja tangu hedhi ya mwisho ikiwa una zaidi ya miaka 50, au miaka miwili ikiwa hujafika 50. Anayetumia sindano au kijiti akumbuke kwamba njia hizo zenyewe zinaweza kusimamisha hedhi, kwa hiyo aje tushauriane.

Je, mama atafanya nini ili apate nafuu?

Tuanze na usiku. Badala ya blanketi moja zito, tumia shuka na blanketi nyepesi kadhaa, ili uondoe moja bila kumfunua mwenzako. Vaa nguo ya pamba. Weka kando ya kitanda kitambaa na maji ya kunywa. Kwa mama wa shamba la maua, ndani ya grinihausi joto huzidi, basi vaa nguo unazoweza kupunguza na ubebe maji. Angalia ni nini kinachokuletea joto. Kwa wengine ni chai ya moto, kahawa, pilipili au pombe. Sigara nayo huongeza. Punguza kile ulichogundua kwako, usikatazwe kila kitu bure.

Mifupa nayo inahitaji ulinzi, kwa sababu estrojeni ikishuka mifupa hupungua nguvu na huvunjika upesi. Hapa Ndabibi tunafuga ng'ombe, lakini maziwa yote huenda kuuzwa. Mama, bakisha kikombe chako. Kunywa maziwa au mala, kula omena na mboga za kijani, pata jua, na tembea kwa miguu. Presha nayo huelekea kupanda katika umri huu. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa mikoba yao ya kazi mwaka 2023, wanaweza kukupima presha na sukari nyumbani kwako. Wakibisha hodi, wafungulie.

Kwa mkojo unaoponyoka, kaza misuli ile unayotumia kuuzuia mkojo. Hesabu hadi tano, kisha legeza. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usitarajie nafuu kwa siku mbili. Jipe miezi mitatu.

Kwa ukavu, iko jeli ya kulainisha inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Chagua ile ya maji, maana mafuta ya kujipaka huharibu kondomu. Tafadhali usiweke ugoro, miti wala sabuni ukeni. Vitu hivyo huchubua na kuleta maambukizi. Na baba anayesikiliza, nina neno kwako. Mkeo akisema anaumia, hajakuchoka wala hana mwingine. Mwili wake umebadilika. Mpe muda, zungumza naye, na umsindikize kliniki.

Zipo pia dawa. Wengi wameniuliza kuhusu vidonge vya homoni, na wengine wamesikia kwamba huleta saratani. Hofu hiyo ilienea mwaka 2002, wakati utafiti mkubwa wa Marekani ulipoonyesha kwamba waliotumia homoni mbili pamoja walipata saratani ya matiti na kuganda kwa damu zaidi kidogo kuliko wasiotumia. Lakini wengi katika utafiti ule walikuwa na miaka zaidi ya 60. Leo inaeleweka kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na anayesumbuliwa sana na joto, faida kwa kawaida huzidi hatari. Hazimfai aliyewahi kuugua saratani ya matiti, anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo, aliyewahi kupata damu iliyoganda mishipani, wala mwenye ugonjwa mkali wa ini. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, huongezewa homoni ya pili ili kuukinga ukuta wa kizazi. Ziko pia dawa zisizo za homoni. Kwa hiyo hizi si dawa za kuazimana na jirani. Anayeziandika ni daktari, baada ya kukupima.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niombe kipindi hiki.

Miaka michache iliyopita, siku ya soko, nilikutana njiani na mama wa miaka 56. Aliniambia kwa utani kwamba siku zake zimerudi baada ya miaka minne. Nilikuwa na haraka. Nikacheka nikamwambia, "Mama, umerudia usichana!" Naye akacheka, tukaagana. Miezi mitano baadaye alikuja zahanati akiwa amedhoofika. Damu ilikuwa na harufu na kiuno kilimuuma. Tulimpa rufaa, ikapatikana saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeshaenea. Mwaka uliofuata tulimzika.

Mimi ni muuguzi. Nilifundishwa neno hili darasani, na siku ile nilicheka. Nilipaswa kumshika mkono na kumrudisha zahanati. Ndiyo sababu nawaomba msikie sasa kile ambacho sikumwambia yeye.

Hedhi ikikoma kwa miezi 12, hairudi tena. Damu yoyote baada ya hapo, hata tone, hata kama haina maumivu, si hedhi. Si usichana na si baraka. Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo kinachotibika, kama ukavu au uvimbe mdogo, lakini inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi au ya kizazi chenyewe. Hatujui mpaka tuangalie. Njoo wiki hiyo hiyo.

Hata kabla hedhi haijakoma, njoo ukiona damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, hedhi ya zaidi ya siku saba, mabonge makubwa, au ukibadilisha pedi kila saa moja. Damu nyingi hukausha mwili, ukapata kizunguzungu na kuishiwa nguvu. Na kama huzuni imekushika wiki mbili bila kukuachia, au unafikiri afadhali usingekuwapo, hilo nalo ni ugonjwa unaotibika. Mwambie mtu leo.

Usiogope kuchunguzwa mlango wa kizazi. Kwa njia moja tunapaka maji ya siki na kuangalia kwa macho. Inachukua dakika chache, na mabadiliko yakipatikana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Anayeishi na virusi vya ukimwi achunguzwe mara nyingi zaidi. Ukimwonea haya muuguzi wa kiume, omba wa kike. Kuhusu gharama, kadi ya NHIF sasa haitumiki. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, na ukijisajili, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na serikali.

Kabla sijawaaga, mama yetu wa joto la usiku yuko salama. Hakuhitaji homoni. Alibadilisha malazi, akapunguza chai ya jioni, na siku moja akamleta mumewe tukazungumza watu watatu. Joto bado linamjia, lakini haliiti malaria tena, na pesa ya dawa za dukani sasa inabaki nyumbani.

Wiki hii nawapa kazi moja. Chukua kalenda ya ukutani na utie alama kila siku unayoona damu. Ukija kliniki, njoo nayo. Na umwulize mama yako, shangazi yako, au shosho anayekulelea watoto: "Tangu siku zako zikome, umewahi kuona damu?" Akisema ndiyo, usicheke kama nilivyocheka mimi. Mletee leso yake, mshike mkono, mje.

Kwaherini, na mbaki na afya njema.