Sifa za Ukoo Katika Mpira wa Kikapu



Huko Marekani zimo koo zinazosifiwa kwa kufundisha mpira wa kikapu vyuoni, kana kwamba ufundi huo huzaliwa nao mtu. Sifa hizo hazina budi kupimwa.

Bob Knight aliipatia Indiana ubingwa wa taifa mwaka 1976, 1981 na 1987. Alipojiuzulu Texas Tech mwaka 2008, kiti kilikaliwa na mwanawe Pat, aliyekwisha kutangazwa mrithi mapema. Mwaka 2011 akaondolewa. Ni wangapi wenye uwezo waliokosa hata kusailiwa?

Ukoo wa Hurley ni habari nyingine. Mzee Bob Hurley hakuwa na chuo cha kuwarithisha wanawe. Alifundisha St. Anthony, sekondari maskini ya Jersey City isiyokuwa hata na ukumbi wake wa michezo, akatwaa ubingwa wa jimbo mara nyingi. Mwanawe Dan naye alifundisha sekondari miaka tisa, akapitia vyuo vya Wagner na Rhode Island, ndipo akaipatia Connecticut ubingwa mwaka 2023 na 2024. Jina lilimsaidia kujulikana, sikatai. Lakini nduguye Bobby, mtoto wa baba huyo huyo na mchezaji mashuhuri kumliko, hakuifikisha Arizona State hata nusu fainali.