Daktar wa Wabengali: Nani Mwenye Cheo?



Kiingereza kimempa jina moja anayetibu wagonjwa na mwenye shahada ya uzamivu. Nasi tumefuata mkumbo: "Dk." yetu huwachanganya wote wawili, na bingwa wa historia huombwa dawa ya malaria. Wabengali, watu wa Bangladesh na wa mashariki mwa India, waliona mbali zaidi. Anayetibu ni daktar. Mwenye uzamivu ni doktor, na hata vifupisho vyao vina tahajia mbili. "Daktari" nalo wanalo, ila kwao si mtu, ni kazi yenyewe: mwanafunzi wa udaktari "anasoma daktari."

Cheo cha daktar kiliwakuta wenyeji. Bengali ilikuwa na kabiraj, tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, na hakim, tabibu wa Unani, tiba yenye asili ya Kigiriki. Mwaka 1835 Waingereza wakafungua Chuo cha Utabibu cha Calcutta. Mwaka uliofuata Madhusudan Gupta, aliyekuwa mwalimu wa Ayurveda katika Chuo cha Sanskrit, akashika kisu akapasua maiti, jambo ambalo Wahindu wengi wa tabaka za juu waliliona ni najisi. Tangu hapo mpaka ukaonekana umewekwa: daktar ni wa kisu na dawa za Kizungu, kabiraj ni wa mizizi.

Mpaka wenyewe haukushika. Mahendralal Sircar, mhitimu wa chuo hichohicho mwenye shahada ya juu ya udaktari, mwaka 1867 alitangaza hadharani kwamba anaiamini homeopathia. Madaktari wenzake walimtenga. Wagonjwa hawakumvua cheo, na mpaka leo mtaa wowote wa Kolkata, Calcutta ya zamani, una "homeopathi daktar" wake. Kisha kuna kampaundar, msaidizi aliyechanganya dawa na kufunga vidonge nyuma ya pazia la zahanati. Akishafungua duka lake kijijini, watu humwita daktar bila kumuuliza cheti.

Na daktar huitwa kwa adabu zote. Upande wa India ni "daktar babu". Bangladesh ni "daktar saheb," na mwanamke ni "daktar apa," yaani dada daktari. Tapeli naye hakunyang'anywa jina, ila huongezewa kivumishi: "hature daktar."

Bangladesh imejaribu kuwafungia mlango wasio wahitimu. Sheria yake ya mwaka 2010 ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno inawaachia cheo cha daktar wenye shahada ya udaktari wa binadamu au wa meno peke yao, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikasisitiza hivyo hivyo.

Mimi naiunga mkono mahakama, kwa sababu kibao cha uongo huua. Lakini mama mwenye mtoto anayeharisha usiku wa manane hasomi sheria. Humwendea aliye karibu, na huyo ndiye daktar wake. Serikali inayotaka cheo kibaki kwa wahitimu haina budi kuwapeleka wahitimu hao vijijini.