Nyama ya Mtoto Inakwenda Wapi?

  

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya maabara na upasuaji. Mimi si tabibu. Nilisoma chuoni, kisha madarasa machache ya shule ya msingi. Lakini nina deni katika jambo hili, na deni hilo ndilo lililonitia kuuliza.

Miaka mingi iliyopita, baada ya sala ya Isha, alinijia baba mmoja wa hapa Bwiza. Mwanawe alikuwa amevimba taya, na meno yamelegea. Hospitalini walitaka kumkata kipande kidogo cha nyama, wakipeleke kikachunguzwe. Akaniuliza, "Sheikh, nyama ya mtoto wangu inakwenda wapi?" Nami sikujua. Badala ya kusema sijui, nikamwambia amrudishe mtoto nyumbani, nikamwandikia kombe. Mtoto yule hakumaliza miezi miwili. Sisemi kwamba kipande kile kingemponya. Ajali i mikononi mwa Mungu. Nasema niliulizwa, nikajibu nisilolijua.

Basi leo nalijibu swali lile. Kipande kile hutiwa katika fomalini kisioze, kisha huzungushiwa nta ikaganda. Hukatwa tabaka nyembamba mno, nyembamba kuliko karatasi, zikatiwa rangi, na tabibu akazitazama kwa hadubini. Hapo ndipo hujulikana kama uvimbe ni usaha tu au ni saratani, na kama ni saratani, ni ya namna gani, maana kila namna ina dawa yake. Jicho la nje haliwezi kuyapambanua hayo, hata likiwa la bingwa.

Jirani zetu wa Uganda wana habari kubwa katika jambo hili. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyepoteza jicho moja tangu utotoni, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, huku na huku. Baada ya muda mfupi akiwa Jinja akamwona mwingine kama yule. Jicho lake moja likaona ambayo wengi wenye mawili walikuwa wakiyapita. Mwaka 1958 akaandika habari zake, na mwaka 1961 akasafiri kwa motokaa na wenziwe wawili kiasi cha maili 10,000, hospitali kwa hospitali, wakiuliza ugonjwa huo uko wapi na wapi hauko.

Mwaka huohuo wa 1961 alihutubia London, na Anthony Epstein akamsikiliza. Tangu hapo vipande vya nyama vikawa vikipelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Hivi havikutiwa fomalini, kwa kuwa walitaka chembe zake zikue zikiwa hai. Epstein alitafuta miaka miwili na zaidi asione kitu. Disemba 1963 ndege ikazuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka. Ilidhaniwa kimeoza, cha kutupwa. Epstein akachukua tone akalitazama, kumbe ule uchafu ni chembe hai zinazoelea! Zikaoteshwa, na mwaka 1964, kwa hadubini ya elektroni, yeye na wenziwe Achong na Barr wakaona ndani yake virusi ambavyo havikupata kujulikana. Ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Ugonjwa ukaitwa kwa jina la Burkitt, na virusi kwa majina ya Epstein na Barr. Jina la mtoto hata mmoja halimo. Hili hunikera.

Nanyi msidhani ni mambo ya mbali. Watu wazima karibu wote duniani wana virusi hivyo mwilini, na wengi haviwadhuru. Lakini penye malaria nyingi, watoto ndio huingiwa na saratani hiyo. Milimani huonekana kwa nadra. Sisi tuko chini, kando ya ziwa, na mbu mnawajua. Nayo hukua upesi kuliko karibu saratani zote, hata wiki moja ya kungojea ni nyingi. Lakini mtoto anayewahishwa akapata dawa zote, mara nyingi hupona.

Mtume wetu alituamrisha kujitibu, na mwili wa binadamu una heshima yake. Haya mawili hayagombani. Anayetaka kukata na aeleze, aombe ruhusa, na mzazi ajibiwe kila alilouliza. Ana haki ya kujua kipande kinapelekwa wapi, nani atakisoma, majibu yatatoka siku gani, na kama kitatumika pia katika uchunguzi mwingine. Asiyeweza kuuliza peke yake, na aje aniite. Nakaa msikitini kila siku baada ya Alasiri; nitavaa viatu twende pamoja hospitalini siku hiyohiyo.