Somo la Redio: Tuutazame Mwaka wa Pamba, 2019

Fungueni madaftari, shikeni kalamu. Leo tutautazama mwaka mmoja ambao wakulima wengi wa Bariadi hawajausahau, yaani mwaka wa 2019.

Ninyi mwajua kwamba pamba hupandwa mvua zianzapo, kama mwezi wa Novemba, na soko lake hufunguliwa mwezi wa Mei. Msimu ule wa 2019 bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Mwaka uliotangulia ilikuwa shilingi 1,100. Watu wakafurahi. Haya, tufanye hesabu: kilo 300 mara shilingi 1,200 ni shilingi 360,000.

Lakini fedha haikufika upesi. Kwa nini? Nyuzi nyingi za pamba yetu huuzwa nchi za nje, na bei yake hutoka katika soko la dunia. Wakati ule Marekani na China zilikuwa zikitozana ushuru mkubwa, na bei ya nyuzi ilishuka. Wanunuzi waliona ya kuwa wakilipa shilingi 1,200 watapata hasara. Basi wengine walisita kununua, na wengine walichukua pamba bila kulipa taslimu. Wakulima wengi walingoja miezi, na huku nyumbani madeni yakabisha hodi.

Msimu wa 2020 bei ilikuwa shilingi 810. Kilo zile zile 300 zikawa shilingi 243,000. Zimepungua shilingi 117,000.

Twajifunza nini? Kwanza, bei iliyotangazwa si fedha iliyo mkononi. Usikope kwa kuitegemea. Pili, pamba yako ikisha kupimwa katika chama cha msingi, soma stakabadhi kabla ya kuondoka: jina, tarehe, kilo, bei na jumla. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wako siku ya kudai. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, usitie pamba shamba lote. Acha mahali pa mtama, mahindi na dengu, maana njaa haingoji malipo.

Zoezi: Mama mmoja ameuza kilo 250 kwa shilingi 1,200. Amelipwa shilingi 100,000 tu. Anadai ngapi? Andika jibu lako, kisha umsomee jirani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.