Ni Nani Afaaye Kufundisha Chuoni?

Wasikilizaji wangu, vijana huniuliza mara nyingi, “Mwalimu, yampasa mtu kupata cheti gani ili afundishe chuoni?” Swali hili ni jema. Nitalijibu kwanza kwa habari za vyeti, kisha kwa habari ya aibu iliyonipata mimi mwenyewe.

Katika vyuo vikuu vya Tanzania ngazi ni hii: mwenye shahada ya kwanza iliyo njema sana huanza kama msaidizi, mwenye shahada ya uzamili huwa mhadhiri msaidizi, na mwenye uzamivu ndiye astahiliye kuitwa mhadhiri. Ngazi hii ni ndefu, walakini waliotutangulia walikuwa na ndefu zaidi. Makerere ilianza mwaka 1922 kama skuli ya ufundi, na mpaka mwaka 1949 ndipo ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London, wanafunzi wake wapate kusomea shahada. Julius Nyerere alisomea ualimu huko, akatoka mwaka 1945, akafundisha Tabora. Shahada ikambidi kuifuata Edinburgh, akaipata mwaka 1952.

Basi cheti ni mlango, wala hapana aingiaye pasipo mlango. Lakini je, nyumbani mna nini?

Nilipoingia chuo cha ualimu kuwa mkufunzi nilikuwa na vyeti vyote vilivyotakiwa. Nikawafundisha wanafunzi wangu namna ya kufundisha kugawanya, kwa maneno mengi na mazuri, nao wakayaandika yote. Mwaka wa pili nikaenda kumtazama mmoja wao katika skuli ya kijijini. Nilimkuta amesimama ubaoni, akiyasema maneno yangu yale yale, na watoto wamemkodolea macho wasielewe hata moja. Mwalimu mkuu, mzee wa makamo, akaomba radhi, akamwaga kunde mezani, akawaambia watoto wazigawe mafungu manne yaliyo sawa. Kwa muda mchache tu wakafahamu.

Niliona haya, maana kosa halikuwa la kijana yule, lilikuwa langu. Sikuwa nimepata kuwafundisha watoto wadogo hata siku moja. Niliporudi chuoni nikaomba nipewe darasa la pili katika skuli yetu ya mazoezi, nikalifundisha mwaka mzima.

Kosa la mwalimu wa watoto hukaa katika chumba kimoja. Kosa la mwalimu wa walimu huchukuliwa na kila mwanafunzi wake hata vijiji ambavyo yeye mwenyewe hatavifikia kamwe.

Kwa hiyo, kijana utakaye kufundisha chuoni, tafuta shahada kwa bidii, wala usiidharau. Lakini kabla ya kuwaambia wengine namna ya kufundisha, kaa kwanza na watoto, na kunde mkononi.